Axio yangu kwenye lami ya Tabora–Puge, baada ya kilomita 38,000

Wifi yangu amehamishiwa kazi Isikizya, njia ya Nzega, na nyumba yake iko Cheyo, hapa Tabora mjini. Wiki iliyopita kanipigia: "Wifi, ninunue gari kama hiyo Axio yako au nitafute kitu kingine?" Tuliongea mpaka salio likakata. Yale niliyomwambia nayaandika hapa, maana tupo wengi tunaolala mjini na riziki zetu ziko mbele kwenye barabara ya Nzega.

Mimi nina duka la dawa Puge. Kutoka Tabora mpaka pale ni kilomita 56, kwenda na kurudi 112, siku sita kwa wiki. Gari ni Toyota Corolla Axio ya mwaka 2008, kizazi cha kwanza, chesisi NZE141, injini ya 1NZ yenye cc 1496. Niliinunua mkononi mwa mtu kwa milioni 14, ikiwa imetembea 91,400. Leo asubuhi imesoma 129,712.

Kabla yake nilikuwa na Toyota IST ya cc 1300. Mjini sikuwa na neno nayo, lakini ukipishana na basi lililotoka Nzega limekolea mwendo, upepo wake unaisukuma pembeni na wewe unabaki umeng'ang'ania usukani. Giaboksi yake ni ya gia nne, kwa hiyo ukikaribia 100 injini inalia kama inakuomba upunguze. Axio ni ndefu kuliko IST na imelala chini. Basi likipita inayumba kidogo tu na kutulia. Giaboksi yake ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za kuruka moja moja, na kwenye mwendo wa 90 injini inazunguka taratibu kiasi kwamba naongea na abiria wangu bila kupaza sauti. Nafika dukani mabega hayaumi. Nafungua saa mbili na nasimama mpaka saa kumi na moja jioni, kwa hiyo kwangu hilo lina uzito kuliko gari kuwa na mbio.

Kuhusu mafuta sikisii. Najaza mpaka bomba likate lenyewe, naandika kilomita nyuma ya daftari la mauzo, kisha najaza tena na kugawanya. Nikienda kati ya 80 na 90, lita moja inanipeleka kilomita 15. Wiki moja ya Oktoba nilikuwa nachelewa kutoka nyumbani, nikawa nakimbiza 110 na AC iko juu kwa sababu ya lile joto letu la kabla ya mvua. Lita ikashuka mpaka kilomita 12 na nusu. Hiyo ni lita moja na nusu zaidi kila siku, lita tisa kwa wiki. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya nishati, wakitangaza bei ya mafuta, zile lita tisa nazikumbuka. Tangi ni lita 50: najaza Jumapili jioni, na Jumamosi nikirudi taa ya mafuta ndiyo inawaka.

Sasa giaboksi, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mwezi wa tano tangu niinunue nilimpa fundi mmoja abadilishe oili zote. Ya injini aliweka sawa. Kwenye giaboksi akamimina ATF ya kawaida, ile oili ya giaboksi za otomatiki zenye gia, akaniambia oili ni oili. Siku ya tatu, nikiondoka kwenye tuta pale Puge, gari likatetemeka kuanzia kwenye kiti mpaka kwenye usukani, kama linapita juu ya mawe madogo, na barabara ni lami tupu. Nikaachia mafuta, likatulia. Nikakanyaga, likatetemeka tena. Nilirudi Tabora kwa 60 moyo uko mdomoni.

Fundi mwingine, mzee ninayemwamkia "Mwangaluka" mpaka leo kwa heshima, ndiye aliyenionyesha kilichotokea. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili. Oili yake kazi yake ni mbili kwa pamoja: ilainishe, na wakati huohuo iuache mkanda ushike puli bila kuteleza. ATF inalainisha, lakini mkanda unateleza, na kila ukiteleza unakwangua puli. Axio yangu hii inatumia oili ya CVT Fluid TC, basi. Ukifungua nati ya chini oili haitoki yote, kwa hiyo alimwaga, akajaza TC, akaniambia nitembee siku mbili, akamwaga tena, akarudia mara ya tatu. Kutetemeka kukaisha. Ningeendelea na ile ATF mwezi mmoja tu, ningekuwa nanunua giaboksi nzima. Tangu siku hiyo TC nanunua mwenyewe, naifungua mwenyewe, na nasimama hapo mpaka fundi afunge nati.

(Zipo Axio za 4WD, chesisi NZE144, zenye giaboksi ya kawaida ya gia nne. Kwa hiyo soma kibati cha chesisi kabla hujanunua hata tone la oili.)

Injini yenyewe haijawahi kunisumbua. Inatumia cheni, hakuna mkanda wa taimingi wa kubadilisha. Oili namwaga kila kilomita 5,000, na kwa safari zangu hiyo ni karibu kila wiki ya nane. Inakula lita 3.7 pamoja na filta, hivyo dumu la lita nne linabakiza kidogo, nayo naiweka kwenye buti. Spea zimejaa mjini. Stabilaiza linki nimebadilisha mara mbili, shokapu za mbele mara moja.

Mahali inaponishinda ni chini. Kutoka ardhini ina kama sentimita 15 tu. Lami haina shida, shida ni kilomita moja ya udongo ya kufika kwangu Kiloleni wakati wa masika, na matuta ya vijijini ukiwa na abiria wanne na maboksi ya dawa nyuma. Kava la chini ya injini lilishang'oka mara moja. Nimeweka spesa, vipande vya kuinua gari, kwenye springi, imesaidia, ingawa sasa ikikata kona kali inainama zaidi. Mwenzangu ana Toyota Premio. Kwenye matuta inakwaruza chini vilevile, ila kwenye lami yake ni tulivu kuliko yangu, kwa sababu nafasi kati ya tairi za mbele na za nyuma ni sentimita 270, yangu 260. Angekuwa wifi ana bajeti zaidi, ningemwambia Premio.

Na taa. Saa kumi na mbili na nusu jioni ng'ombe wanarudi nyumbani, wanavuka wakati wao, na alfajiri kuna baiskeli za mkaa zisizo na taa yoyote. Lenzi za gari langu zilikuwa zimegeuka njano, nikawa naona baiskeli ikiwa imeshanikaribia. Nilizisugua mpaka zikang'aa kabla sijagusa kitu kingine chochote, na ndivyo afanye kila anayenunua gari la umri huu. Redio inaishia 90 FM, ya Kijapani, utahitaji kifaa cha kuongezea masafa.

Jumamosi tunakwenda na wifi Ipuli kuangalia Axio moja ya 2009. Kasoro nyingine za giaboksi hujificha gari likishapata moto, kwa hiyo nimempigia mwenye gari na kumwomba, kwa hisani yake, asiliwashe kabla hatujafika.