Wakala wa Safari wa Kigoma na Likizo ya Skii La Thuile

Wakala tuliyemtumia mimi na mume wangu hapa Kigoma anastahili sifa kwanza kwa kutushauri tuachane na Courmayeur, mji wa skii (mchezo wa kuteleza juu ya theluji) wenye jina kubwa na bei kubwa zaidi, tukachagua La Thuile, kijiji tulivu cha Bonde la Aosta nchini Italia kilicho mita 1,441 juu ya usawa wa bahari, ambacho njia zake za skii zimeungana na zile za La Rosière upande wa Ufaransa, hivyo mtu huweza kuvuka mpaka akiteleza na kurudi siku hiyo hiyo.

Kwenye bima alikuwa makini kuliko nilivyotarajia. Mbali na bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000 inayodaiwa kwa viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya), alitukumbusha kwamba tangu mwaka 2022 Italia humtaka kila mtelezaji awe na bima ya kufidia madhara atakayomsababishia mwingine. Kofia ngumu nayo sasa ni lazima, hata kwa watu wazima.

Kasoro yake ni kutotueleza mapema kuwa maombi ya viza hupelekwa Dar es Salaam, na nauli ya ndege kutoka huku, jamani, si ya kupuuzwa. Skii zenyewe, yaani vifaa vya kutelezea, na viatu vyake hukodishwa kule kule.