Dennett, kichuguu na furu: kitabu cha mtumba cha elfu 12

Nilikinunua kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini hapa Mwanza mjini, elfu 12 baada ya kuvutana sana na muuzaji. Ni From Bacteria to Bach and Back cha Daniel Dennett, mwanafalsafa Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Tufts aliyefariki Aprili 2024 akiwa na miaka 82. Kilitoka 2017. Gundi ya mgongoni ilishachoka. Kurasa mbili niliziokota chini ya benchi kwenye meli ya Nansio. Hapo Dennett hana hatia.

Mimi nauza dagaa, baiolojia niliiacha kidato cha sita. Safari za Ukerewe ndizo zilizokimaliza.

Kilichonishika ni mchwa. Dennett analinganisha kichuguu na kanisa la Sagrada Família la Barcelona, kazi ya Gaudí. Kwa sura vimefanana mno. Ila Gaudí alikuwa na michoro na alijua anajenga nini. Mchwa hana mchoro wala fundi mkuu. Kila mmoja anaweka tonge lake la udongo, na jengo linasimama. Uwezo bila uelewa, ndiyo hoja yake: uteuzi asilia alioueleza Darwin, yaani wanaoendana na mazingira ndio wanaobaki na kuzaa, unazaa kazi ya kifundi bila fundi, na uelewa wenyewe umekuja baadaye sana, umejengwa juu ya vijiuwezo vingi visivyoelewa chochote. Aliyekua huku Kanda ya Ziwa akikinga kumbikumbi baada ya mvua haambiwi mara mbili.

Furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ni nyongeza yangu, maana niliwawaza njia nzima. Ziwa letu lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na likaja kuwa na aina kama 500 za furu: wa kukwangua mwani kwenye mawe, wa kuvunja konokono, wa kula watoto wa samaki wenzao. Hakuna aliyewapangia zamu. Kisha sangara, aliyeletwa miaka ya 1950, akawafyeka wengi.

Kwenye ufahamu, yaani kule kuhisi na kujijua, ndipo tulipogombana. Anasema kichwani hakuna mtazamaji aliyekaa akiangalia sinema. Huyo "mimi" ni kama vile vialama vya kwenye simu: unagusa, kazi inafanyika, mitambo ya chini huioni. Mfano mzuri. Lakini mwiba wa samaki gogogo ulipowahi kunichoma kidole pale mwaloni Kirumba, ule uchungu haukuwa kialama cha kitu chochote. Mwanafalsafa David Chalmers na wenzake wanambana hapohapo, na mpaka sasa niko upande wao.

Utashi huru humu kaugusa tu. Ukiutaka, tafuta Freedom Evolves cha 2003. Huko anashikilia kwamba hata kila jambo likiwa na chanzo chake, uhuru haupotei: uhuru wenye maana ni kuiona hatari mapema na kuikwepa, na uwezo huo umekua kwa mageuko. Mvuvi anayesoma wingu akageuza mtumbwi ndiye mtu wake, ingawa woga wake na mafunzo ya baba yake vyote vina chanzo. Shemeji yangu, mzee wa kanisa, akauliza: sasa dhambi ya nani? Nikamwambia, shemeji, kwa Dennett bado ni yako.

Kiingereza chake kinazunguka, na sura za katikati kuhusu memu (mawazo na mazoea yanayoenea toka mtu hadi mtu) niliruka nyingine. Nyota 4 kati ya 5. Ukikikuta mtumbani kichukue, ila hesabu kurasa kabla hujatoa hela.