Walimu watatu, mtihani mmoja wa hesabu: uzoefu wangu wa kutafuta tuisheni Dar

Mimi nauza vitenge Kariakoo, na kwa kazi hii sijawahi kununua jora bila kulifungua. Nalikunjua, nalivuta, naangalia rangi ya upande wa pili. Lakini ilipofika kumtafutia binti yangu mwalimu wa hesabu, nilinunua majora mawili yakiwa yamefungwa kabla sijapata akili. Naandika ili mzazi mwenzangu wa kidato cha nne apunguze hasara.

Desemba binti alileta ripoti ya kumaliza kidato cha tatu. Hesabu, 21. Kwa madaraja ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, chini ya 30 ni F, kwa hiyo hapo hapakuwa na cha kubishania. Masomo mengine anajiweza. Biashara na uwekaji hesabu anapata B, na Kiswahili ndiyo usiseme. Shangazi yake akashauri aitupe tu: "Si divisheni wanahesabu masomo saba aliyofanya vizuri? Ashike hayo mengine." Kweli wanahesabu saba. Lakini mtoto mwenyewe akifika kidato cha tano anataka kwenda ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, na mtu wa uhasibu atazikimbia hesabu mpaka lini?

Tulianzia kituo cha tuisheni, kama wengi. Unalipa mlangoni elfu moja kwa kipindi, unaingia, unatafuta benchi. Sitakisema vibaya kituo, maana kuna watoto wanatoka pale na A zao. Jumamosi moja nilitoka dukani mapema nikapita kuchungulia dirishani. Watoto walizidi sabini. Mwalimu ana sauti, ana vichekesho, ubao umejaa hadi pembeni. Wanaojua wanaongeza, wasiojua wanacheka pamoja na wenzao. Tukiwa kwenye daladala kurudi Tabata nilifungua daftari lake, nikakuta mwandiko kama umedariziwa, hakuna mstari uliokosekana.

"Umeelewa?"

"Nimeandika, mama."

Jibu hilo lilinitosha. Tukaacha.

Wa pili alikuja kwa sifa. Mteja wangu mmoja wa Mbezi Beach alimsifu hadi nikaona aibu kuuliza bei. Bei ilikuwa elfu thelathini kwa kipindi cha saa moja na nusu, malipo ya vipindi vinane mbele. Laki mbili na arobaini nikatuma, na ya kutolea. Akaja na gari lake, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni. Akifungua mtihani wa miaka ya nyuma anautiririsha kama msomaji wa taarifa ya habari. Binti anatikisa kichwa. Mimi nipo jikoni nasikia "unaona eeh?" na "ndiyo ticha", roho inatulia.

Kilichonishtua ni kitu kidogo. Baada ya kipindi cha tatu nilichukua swali moja ambalo yeye mwalimu alilitatua Jumanne, nikalinakili kwenye karatasi tupu, nikampa binti Alhamisi kabla mwalimu hajafika. Akaandika mstari wa kwanza. Akauangalia. Akaniangalia mimi.

Kumbe katika vipindi vyote vile kalamu ilikuwa mkononi mwa mwalimu! Mtoto alikuwa mtazamaji, na mimi nimelipa kiingilio. Mwalimu alipofika nikamweleza kwa adabu, akasema, "Mama, mtoto hana msingi. Tuongeze siku." Fundi akikukatia nguo vibaya hakwambii ukanunue kitambaa kingine (ingawa wapo wa hivyo, nawajua kwa majina). Baada ya kipindi cha nne tuliachana. Vinne vilivyobaki havikurudi, wala kama vipindi wala kama fedha, na kosa ni langu niliyelipa mwezi mzima kwa mtu nisiyemjaribu.

Wa tatu nilimpata kwa jirani. Mpwa wake anasoma DUCE, pale Chang'ombe, ualimu, mwaka wa pili, hesabu na fizikia. Nilisita. Kijana wa miaka ishirini na mbili, binti wa miaka kumi na saba, nyumba ambayo mimi nashinda Kariakoo. Nikamwita kwanza aje tuzungumze bila binti kuwepo. Nikaomba kitambulisho cha chuo na cha NIDA nikapiga picha vyote viwili, nikamwambia masharti: mnasomea mezani sebuleni, mlango wazi, bibi yupo, na simu za binti baada ya saa mbili usiku hazipo. Hakununa. Akasema hata yeye anapenda hivyo, maana jina la mwalimu likichafuka halifuliki. Nikampa siku moja ya majaribio, nalipa siku hiyo tu.

Siku hiyo hakufundisha. Alimwamkia bibi, akakaa, akaomba madaftari yote ya hesabu tangu kidato cha kwanza na karatasi zote za mitihani ambazo hatujafungia maandazi. Akasoma kimya karibu nusu saa. Bibi, aliyekuwa anachambua mchicha, akaninong'oneza nilipoingia, "Huyu analipwa kwa kusoma?" Kisha akatoa maswali kumi aliyoyaandika kwa mkono, ya kiwango cha darasa la saba, kwa Kiswahili. Faida na hasara, asilimia, mwendo wa gari, eneo la shamba. Binti akapata manane. Akampa mengine kumi, yaleyale ila namba zimebadilishwa, kwa Kiingereza. Akapata matatu.

"Mama," akaniambia, "hesabu anazijua. Kiingereza cha hesabu ndicho kinachomkaba."

Nilikaa chini. Binti yangu alisoma msingi shule ya serikali, kwa Kiswahili, miaka saba. Kidato cha kwanza mambo yote yakageuka Kiingereza, na hesabu nazo akazipokea kwa lugha hiyo huku akiona haya kuuliza. Miaka mitatu tulikuwa tunamwambia "kazana" na kumbe hajui swali limeuliza nini.

Mfano mmoja sijausahau. Swali lilisema mwenye karakana lazima atengeneze "at least" meza kumi. Binti akaandika idadi ya meza ni kumi au pungufu. Kwa nini? Kwa sababu "least" alijua ni kitu kidogo. Mwambie kwa Kiswahili "angalau kumi" uone kama atakosea! Ile alama ikigeuka, mchoro wote unageuka, na swali zima la alama kumi limekwenda na maji. Basi wakaanzisha daftari dogo la maneno. Kila neno la kwenye mtihani linaandikwa na maana yake, na alama yake kama inayo. "At most", isiyozidi. "Hence", tumia jibu ulilolipata sasa hivi, usianze upya. Hili la mwisho lilimshangaza kabisa, alikuwa analiruka kama pambo.

Kuanzia Aprili alikuwa anakuja mara mbili kwa wiki, saa mbili, elfu kumi na tano kwa kipindi, nalipa akimaliza. Kalamu ilikuwa mkononi mwa binti muda wote. Kuna siku nilirudi nikakuta kimya hadi nikadhani wamegombana. Kumbe mtoto amekwama na mwalimu anasubiri. Mwalimu wa elfu thelathini asingeweza kukaa kimya hata dakika moja, angeona anadaiwa.

Kitu kingine nilichompendea ni kwamba hakuahidi A. Alinipigia hesabu mezani. Karatasi ya hesabu ina maswali 14 kwa saa tatu. Sehemu A maswali kumi, alama sita kila moja. Sehemu B manne, alama kumi kumi. C inaanzia 45. Akipata alama nne tu katika kila swali la sehemu A ana 40, kisha achukue swali moja la B analolimudu vizuri, amevuka. Kwa hiyo mada zikapangwa foleni. Seti, takwimu, mfuatano wa namba, Pithagorasi na pembetatu mbele. Hesabu za biashara binti alikuwa nazo tayari kutoka somo lake la uwekaji hesabu, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni kitu kilekile kimevaa nguo nyingine. Dunia kama tufe, zile za latitudo na longitudo, zikaachwa mpaka mwisho. Mimi niliona ni uzembe, naye akajibu, "Mama, ukiwa na mtaji wa laki moja hununui kila rangi." Sijui nani alimwambia kazi yangu.

Simu ya binti ikawa inazimwa wakati wa kipindi, kwa sababu ya kikokotoo. Kwenye mtihani huu hakiruhusiwi, mtoto anaingia na kichwa chake na majedwali ya hesabu, na wetu alikuwa amezoea kubonyeza hata saba mara nane. Mitihani ya nyuma tuliipata bure kwenye tovuti ya NECTA (nilikuwa nimekwisha kununua vijitabu viwili, hela imeenda). Kwenye tovuti hiyohiyo kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, wanaonyesha hadi picha za majibu yaliyokosewa na sababu zake. Mwalimu alikuwa anafunika maelezo, anamwonyesha binti jibu bovu, anamwambia, "Sahihisha wewe." Hapo ndipo nilianza kusikia kicheko mezani.

Sasa ubaya wake, maana upo. Kuchelewa. Kutoka Chang'ombe kuja kwetu Tabata jioni unapita Buguruni, na foleni ya pale mnaijua. Saa kumi na moja ikawa saa kumi na mbili kasoro mara nyingi kuliko nilivyopenda, na kuna siku mvua ilinyesha hakuja kabisa, ujumbe ukafika saa mbili usiku. Kubwa zaidi, mwalimu mwanafunzi naye ana shule yake. Julai akaingia kwenye mitihani ya chuo, kisha akapelekwa mafunzo ya vitendo mkoani. Wiki nane. Katikati ya mwaka wa mtihani! Mtihani wa utamilifu, wenyewe wanaita moko, ulimkuta binti hana mwalimu. Akapata 38. D. Shangazi akanikumbusha ushauri wake.

Wiki hizo tuliokoteza kwa simu. Binti anapiga picha kazi yake, anatuma, mwalimu anarudisha sauti. Alikataa bei kamili, akasema elfu tano inatosha, nami naongeza bando. Ilisaidia nusu. Kwenye simu haoni pale mtoto anapositasita, anaona jibu tu. Kama ningejua mapema ningemuuliza ratiba ya chuo siku ileile ya kwanza, kisha ningetafuta wa kushikilia Agosti. Hilo muulizeni mwanafunzi yeyote wa ualimu kabla hamjakubaliana.

Katikati ya Septemba alirudi, tukapandisha mara tatu kwa wiki hadi mwisho wa Oktoba. Jumla yote, nimeipiga kwenye daftari la duka, laki nane. Wa elfu thelathini, kwa siku hizohizo arobaini na nane za ana kwa ana, angekula milioni moja laki nne na arobaini.

Matokeo yalitoka Januari. Hesabu, C. NECTA haitoi alama zenyewe, kwa hiyo sijui alipita kwa kichwa au kwa ukucha, naye binti anaapa ilikuwa kwa kichwa. Nikimpa mwalimu nyota ni nne. Ya tano imebaki Buguruni.

Mwaka huu mdogo wake yuko kidato cha pili, hesabu zimeanza kumyumbisha, na yule kijana amemaliza chuo, yuko mbali. Kwa hiyo natafuta tena. Jumamosi iliyopita alikuja bwana mmoja, amependekezwa na watu wazuri. Madaftari ya mtoto nilikuwa nimeyapanga mezani. Akayasogeza pembeni ili aweke laptopu yake, akaanza kunieleza wanafunzi wake wangapi walipata A.

Nilimkaribisha chai na chapati, nikamsindikiza hadi kituoni.