Uzoefu wangu: nimesoma ujasiriamali wa hoteli chuo kikuu hapa Dodoma, kama unataka kuomba soma hii kwanza

Habari zenu ndugu zangu. Kila dirisha la maombi ya vyuo likikaribia, wadogo zangu na hata wazazi wananiuliza kitu kilekile, hivi mtu anaendaje chuo kikuu miaka mitatu kusomea hoteli, si angeenda tu kwa mama ntilie akajifunza pale. Nimesoma digrii ya hoteli na utalii, mkazo wake ujasiriamali, chuo kipo hapahapa Dodoma na jina silitaji kwa sababu kuna mambo mabaya nitayasema na nia yangu sio kuchafua watu. Jibu langu ni kwamba kozi inalipa, ila sio kwa sababu ambayo wengi wanaifikiria. Kupika hufundishwi sana, unafundishwa kuhesabu, na kukosa hesabu ndo kunakofunga migahawa na loji mji huu kila siku, unapita Area C leo unaona bango jipya linawaka taa, ukipita tena baada ya muda mlango una kufuli na dalali ameshabandika namba yake.

Nianze na vyumba kwa sababu hapo ndo kozi ilinikamata. Mtu wa kawaida akiangalia loji anaona imejaa au haijajaa, basi. Sasa chukua loji ina rumu 20, bei ni 40,000, usiku wa leo zimeuzwa 14, umeingiza 560,000. Jirani yako ameshusha bei mpaka 30,000 na amejaza zote 20, ameingiza 600,000, mtaani kila mtu atasema jirani ndo mfanyabiashara. Ila kila rumu iliyolaliwa ina gharama yake, shuka za kufua, sabuni, maji, umeme, chai ya asubuhi, tuseme 8,000 kwa rumu. Toa hiyo uone, wewe unabaki na 448,000 jirani anabaki na 440,000, na wafanyakazi wake wamechoka, magodoro yanaisha haraka, na wageni wameshazoea bei ya chini, akitaka kuipandisha wanahama. Mwalimu aliyetufundisha hii alishawahi kuendesha loji mwenyewe kabla ya kurudi kufundisha, akiweka mfano ubaoni unaona kabisa ni kitu kilichomuuma, darasa zima kimya watu wanaandika. Kwa somo lake peke yake nisingejutia ada.

Na Dodoma kusema ukweli ni mji mzuri sana wa kusomea hii kitu kuliko hata watu wanavyodhani, wengi wanasema hoteli kasomee Arusha au Zanzibar kwenye watalii. Huku kwetu mgeni mkubwa ni serikali. Bunge la bajeti linaanza Aprili linaenda mpaka mwisho wa Juni kwa sababu mwaka wa serikali unaanza Julai mosi, hicho kipindi mbunge yupo, dereva wake yupo, wataalamu wa wizara, waandishi, watu wenye shida zao wanaofuata wabunge, wote wanataka pa kulala na pa kula. Bunge likiahirishwa mji unapumua. Agosti kuna Nanenane kule Nzuguni, mwisho wa mwaka kuna mahafali ya vyuo, wazazi wanakuja kutoka mikoani na kila mmoja anataka picha na sehemu ya kula kuku. Tulichoreshwa kalenda ya mwaka mzima ya mji huu, kila wiki unaandika nani anakuja, analala wapi, analipa mwenyewe au analipiwa na ofisi, anayelipiwa anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kama huna mashine hiyo huyo umempoteza. Ile kalenda mpaka leo ninayo na bado naifanyia kazi.

Kwenye historia ya hoteli napo kuna mambo matamu. Nilikuwa nadhani Hilton, zile hoteli kubwa, ni jina tu la jengo, kumbe ni mtu, Conrad Hilton, mwaka 1919 alienda mji mdogo wa Cisco kule Texas kununua benki, muuzaji akapandisha bei, akaenda kutafuta pa kulala kwenye hoteli inaitwa Mobley akakuta watu wamejazana hapo resepsheni wanasubiri vyumba, kwa sababu mafuta yalikuwa yamegunduliwa eneo lile na vibarua wa visimani hawana pa kulala, vyumba vinauzwa kwa zamu, kila zamu urefu wake saa nane. Akaacha habari za benki akanunua hoteli, halafu cha kwanza akatoa ukumbi wa chakula akagawanya vyumba kwa sababu aliona kitanda ndo kinachotafutwa pale sio sahani. Sasa mtu wa Dodoma ukisikia hiyo unaielewa mara moja, maana hata sisi tumeona mji unavyovimba serikali ilipoamua kuhamia kweli 2016. Na Airbnb, ule mtandao wa kukodisha vyumba vya majumbani mwa watu, ni hivyohivyo, vijana wawili San Francisco mwaka 2007 kodi ya nyumba imewashinda, kuna mkutano mkubwa wa wabunifu mjini hoteli zimejaa, wakatandika magodoro ya kujaza upepo sebuleni wakalaza wageni kwa hela na asubuhi wakawapa chai. Mama zetu wa Majengo na Chang'ombe wanaokodisha chumba cha nje kipindi cha mahafali wanafanya jambo hilohilo, ndo maana mimi huwa nawaambia msidharau, kinachokosekana ni namna ya mgeni kuwapata na kuwaamini.

Mjadala uliotuchukua muda mrefu kuliko yote ulikuwa wa treni. Tangu SGR, hii treni mpya ya umeme, ianze kubeba abiria mpaka Dodoma 2024, mtu anatoka Dar asubuhi anafika huku kwa saa nne au pungufu, anafanya kikao chake, jioni anarudi analala kwake. Zamani kwa basi safari ilikuwa inakula siku nzima kwa hiyo kulala ilikuwa lazima. Nusu ya darasa wakasema treni imetuua, nusu wakasema imeleta watu wengi zaidi ambao wasingekuja kabisa. Mimi msimamo wangu ni kwamba treni imehamisha hela kutoka kitandani kwenda mezani, huyu mgeni wa siku moja halali lakini anakula mchana, anahitaji sehemu tulivu yenye intaneti asubirie kikao, anahitaji kuoga na kubadilisha shati, anahitaji zawadi ya kubeba, zabibu zilizofungwa vizuri hazipondeki njiani. Nani anamuuzia hivyo vitu? Wachache sana. Anayeanza leo Dodoma kwa mtaji mdogo asikimbilie kujenga rumu, aangalie huko.

Chakula sasa. Kanuni ya darasani ni kwamba vitu vilivyomo kwenye sahani visizidi kama asilimia 30 mpaka 35 ya bei unayouzia, kinachobaki ndo kilipe pango, mishahara, gesi, kodi, halafu na wewe ule. Tukapewa asaimenti ya kwenda mtaani kupiga hesabu ya kuku wa kienyeji, hawa wa kutoka Singida ambao watu wanawapenda. Ukimnunua kwa 18,000 ukamkata robo nne ukauza robo 8,000 unapata 32,000, hapo kuku peke yake amekula asilimia 56 kabla hujaweka hata ndimu. Mwenye mgahawa anaona foleni ya wateja anadhani anapata kumbe kuku anamuita tu mteja, hela inatoka kwenye chipsi na soda, siku mteja akiagiza kuku akabeba nyumbani bila kingine umefanya kazi ya bure. Ukijua hivyo unapanga menyu tofauti kabisa, unaweka ugali wa uwele na mlenda pembeni, vitu vya Kigogo vya hapahapa ambavyo kununua ni rahisi na mgeni wa Dar anavitafuta kwa hamu maana kwao havipati.

Usalama wa chakula ulinikaa pia. Joto la hatari ni kati ya nyuzi 5 na 60, hapo vijidudu vinazaliana haraka, na wali una kijidudu ambacho mbegu zake hazifi hata ukichemsha, ukiuacha wali kwenye sufuria usiku kucha unaweza kuamka na sumu ambayo kupasha moto hakuitoi. Fikiria pilau za shughuli zetu zinazopikwa alfajiri zinaliwa saa tisa alasiri Oktoba, jua la Dodoma linawaka. Hii ilitakiwa ifundishwe kila mtaa, sio chuo tu.

Safari ya Kondoa nayo niiseme. Tulienda Kolo kwenye ile michoro ya kwenye miamba, UNESCO waliiweka urithi wa dunia 2006, ni kitu kikubwa sana na kipo mkoani kwetu, barabara ya lami ya kwenda Babati inapita hapohapo. Magari ya watalii yanapita yanaenda Arusha. Nimesimama pale juu kwenye mwamba nikaumia, unaangalia mchoro wa mnyama umechorwa na watu walioishi hapa zamani sana, halafu ukishuka chini kutafuta sehemu nzuri ya kukaa ule mchana upumzike inakuwa shida. Kundi letu liliandika projekti ya kituo cha chakula na malazi madogo kinachoendeshwa na kijiji, lekchara akatupa maksi nzuri na andiko likaishia kabatini, na hapo ndo naanza yale mabaya.

Kozi inaitwa ujasiriamali lakini hakuna biashara hata moja ya kweli unayoendesha ukiwa chuoni. Unaandika mpango wa biashara, unafanya prezentesheni umevaa suti, mnapigiana makofi, semista imeisha. Wangetupa hata kibanda kimoja cha chai pale hosteli tukiendeshe kwa zamu, kila kundi lionyeshe faida au hasara yake, tungetoka watu wengine kabisa. Jiko la mazoezi lilikuwa dogo, mpishi anapika mbele nyinyi mmesimama nyuma mnarefusha shingo, wasichana wafupi kama mimi unasikia harufu tu. Na fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ndo kabisa. Mimi nilipelekwa hoteli moja ambayo siitaji, muda wote nikawekwa hausikipingi kutandika vitanda, nikiomba kukaa resepsheni nione bookingi zinavyopokelewa au stoo nione manunuzi naambiwa subiri, mpaka barua ya kumaliza ikaandikwa. Kutandika kitanda ni kazi ya heshima na nimeijua vizuri, nashukuru, ila mtu anayesomea kumiliki hoteli lazima aone hela inavyoingia na kutoka. Wenzangu waliopelekwa loji ndogo za watu binafsi walifaidika zaidi yangu kwa mbali maana mwenye loji anamtuma kila kitu, leo sokoni, kesho benki, keshokutwa kugombana na fundi wa maji.

Jambo lingine, somo la uhasibu msilichukulie poa, waliotoka michepuo ya sanaa wengi walipata supu hapo, yaani walirudia mtihani. Sio gumu kihivyo ila linataka ukae nalo kila wiki.

Sasa baada ya kumaliza. Mimi na mwenzangu mmoja tunapika chai na vitafunwa tunapeleka maofisini Mtumba, kule kwenye mji wa serikali, jiko letu lipo Ihumwa. Tumeanza na wateja wa ofisi kwa sababu ile kalenda inaniambia Jumatatu mpaka Ijumaa kuna watu wengi wenye njaa na muda mfupi, wikiendi kunakuwa kimya, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili tunachukua oda za vipaimara na send-ofu mjini. Kila kitafunwa kina karatasi yake ya gharama, ngano ikipanda najua siku hiyohiyo andazi linanipa nini. Jina tumesajili BRELA, ofisi ya kusajili biashara, TIN ya mlipa kodi tunayo, leseni tunayo, vipimo vya afya tumepima, na tumeomba ile mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Hatua zote hizi tulifundishwa darasani mpaka fomu zake, na nimeona watu wazima wenye hela zao wanazungushwa kwa sababu hawajui waanzie ofisi gani.

Kwa hiyo nani aombe? Wewe ambaye nyumbani kuna mgahawa, gesti, hata kibanda cha chips, na unataka kikue, njoo, utafaidika kuanzia semista ya kwanza kwa sababu kila ukifundishwa kitu unaenda kukijaribu nyumbani. Anayetaka kuwa mpishi wa kiwango cha juu aende vyuo vya ufundi au Chuo cha Taifa cha Utalii akashike kisu kila siku. Anayetaka ajira ya serikali akimaliza tu, kozi hii haitamfaa.

Kabla hujachagua nenda chuoni mwenyewe, Dodoma ni karibu siku hizi. Omba uonyeshwe jiko, hesabu majiko yapo mangapi na darasa lina watu wangapi. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu, muulize fildi alipelekwa wapi na alifanya nini huko, mwaka wa kwanza usimuulize bado hajajua. Ukifika fildi usikubali kukaa idara moja, omba kwa maandishi mapema uzungushwe, nakala mpe msimamizi wako wa chuo, mdogo wangu wa mwaka uliofuata alifanya hivyo na stoo akaingia.