Santuri zangu za fanki, na ipi ningekwambia uanze nayo

Fanki ni ule muziki wa Wamarekani weusi wa kuchezeka, besi na drams mbele. Kama hela yako inatosha santuri moja tu, chukua In the Jungle Groove ya James Brown, usizunguke. Ni mkusanyiko wa 1986, santuri mbili jalada moja, nyimbo za 1969 mpaka 1971. Sababu yangu ni hii, hizi ngoma enzi zake zilitoka kwenye visanturi vidogo vya 45 (vinazunguka mara 45 kwa dakika), na kile kidogo hakibebi wimbo mrefu, so wanaukata, nusu upande huu nusu upande wa pili, yaani mzuka ndo unapanda sauti inaanza kufifia, unanyanyuka kwenda kugeuza. Funky Drummer ilirekodiwa Novemba 1969 ikatoka 1970 hivohivo vipande viwili, na haikuingia kwenye albamu yoyote mpaka huu mkusanyiko. Hapa unaipata dakika tisa na ushee. Vumilia mpaka James awaambie wenzake wampishe mpiga drams, hapo Clyde Stubblefield anabaki mwenyewe, na utashtuka maana huo mdundo unaujua tangu utoto, hiphop yote imeusampo, yaani wamekata kipande chake wakakitumia kwenye nyimbo zao, kundi la rap la Public Enemy wamo. Na Clyde hakuandikwa kama mtunzi kwahiyo kwenye hizo sampo zote karibu hakuambulia kitu mpaka amefariki 2017. Kila nikiiweka nakasirika upya.

Ya pili Rejuvenation ya The Meters, 1974. Jamaa wa New Orleans hawa, na raha yao ni kwamba hawana papara, gita linagusa kidogo linatulia, besi inajibu, mpiga drams Zigaboo Modeliste anapiga pale usipotegemea. Weka Just Kissed My Baby halafu uniambie shingo ilikaa kimya. Ukiisikilizia kwenye simu huipati kabisa, besi yote inapotea.

There's a Riot Goin' On ya Sly and the Family Stone (1971) inabidi nikuonye kabla hujamrudishia muuzaji. Sauti yake imefifia, ina ukungu flani hivi. Sindano yako ni nzima!! Sly alirekodi juu ya tepu zilezile akifuta na kurudia mpaka zikachoka, na sehemu nyingi kinachopiga ni mashine ya midundo sio mtu. Mi mwanzo ilinichosha, sasa hivi ndo naiweka usiku kuliko zote.

Mothership Connection ya Parliament, 1975, ya sherehe, kanunue. Maggot Brain ya Funkadelic nzuri ila usiiweke kwenye sherehe, wimbo wa kwanza ni dakika kumi za gita la Eddie Hazel linalia, kiongozi wa bendi George Clinton alimwambia apige kama mtu aliyepewa taarifa mama yake kafariki. Wageni wataaga.

Kuhusu kununua, ukiagiza mtandaoni omba picha ya santuri yenyewe ikiwa imelala kwenye meza, sio jalada tu. Kuna muuzaji aliniandikia "kama mpya" ikaja imepinda, sindano inapanda inashuka. Na kwa joto letu la Dar zipange zisimame, usizilaze moja juu ya nyingine, utazipinda mwenyewe.

Ya mwisho ni ya hapahapa nyumbani, Sunburst, bendi ya Dar ya miaka ya 70, albamu yao Ave Africa ya 1976. Lebo ya Strut waliitoa upya 2016 pamoja na rekodi zao nyingine, na mi naiweka juu ya nusu ya hao Wamarekani kwa jinsi magita yanavyopishana. Wakenya nao walikuwa na bendi ya Matata, walihamia London wakarekodi fanki ngumu kabisa, hiyo bado naitafuta kwa bei ya kibinadamu, mwenye nayo aniambie.