Kozi ya Kiingereza cha kubishana itikadi, Kabalagala: nendeni, ila kwa ajili ya mwalimu

Wengi mnaniuliza inbox kuhusu ile kozi ya jioni Kabalagala hapa Kampala, ile ya Kiingereza cha kuongelea dini, siasa na falsafa. Jina la kituo sitaji kwa sababu nina malalamiko na sitaki kesi na mtu.

Kozi hii ni ya nani? Ni yako wewe ambaye Kiingereza cha dukani unakimudu, unabageini vizuri, halafu usiku unawasha redio mtu anasema tatizo la nchi ni "ideological disorientation", yaani kupotea kiitikadi, yale maneno Museveni kayaweka namba moja kwenye orodha yake ya vikwazo vya maendeleo, na wewe unatikisa kichwa tu kama umeelewa. Darasani tupo Wakongo, Wakenya, watu wa Bombo, wengine itikadi tulifundishwa kwenye mchakamchaka, yale mafunzo ya siasa na ukakamavu, ujamaa na ubepari tunaujua fresh, ila kwa Kiingereza tunakwama.

Mwalimu ni moto. Haishii kwenye maana, anauliza neno hili huwa linarushwa na nani kwa nani. Siku moja kaandika ubaoni huku "faith", "principles", "vision", kule "dogma", "cult", "indoctrination", akasema jamani, vitu ni vilevile, upande wa kwanza unajisema mwenyewe, wa pili unasemwa na jirani. Kuanzia hapo hata habari za gazetini nazisoma kwa jicho lingine, najua mwandishi yuko na nani kabla sijafika aya ya pili.

Halafu akatuletea kura ya maoni ya 2000, Movement (ule mfumo wa Museveni usio na vyama) au vyama vingi, nusu ya darasa watetee mfumo kwa maneno ya wenyewe, "broad-based" (unabeba watu wote), "individual merit" (mtu achaguliwe kwa sifa zake mwenyewe), nusu nyingine wauite "one-party state", nchi ya chama kimoja. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi akapangwa upande wa upinzani, akagoma.

"Mwalimu, hayo maneno mdomoni mwangu hayatoki."

"Mzee wangu, yatoe tu, ni mazoezi."

Kimya. Ndipo mwalimu akatueleza "devil's advocate", wakili wa shetani, kwamba kwa Wakatoliki hiyo ilikuwa kazi rasmi kabisa tangu 1587, kulikuwa na mtu wa kanisa aliyetafuta kasoro za anayependekezwa kutangazwa mtakatifu, na si kwamba alimchukia. Mzee ni mkatoliki wa Nsambya, akacheka, akasimama, na nawaambia aliwachapa Movement vibaya mno mpaka upande wa serikali wakaomba muda. Mliokuwa mnaenda ekimeeza, ile midahalo ya redio ya hadharani, kabla haijapigwa marufuku 2009, mtajisikia nyumbani.

Sasa malalamiko. Kitabu chao ni fotokopi iliyofifia na kinalipiwa kivyake wakati mwanzoni tuliambiwa kila kitu kimo kwenye ada. Na ndani ni mambo ya Ulaya mwanzo mwisho, "iron curtain" (pazia la chuma) ya Churchill 1946, kushoto na kulia za Wafaransa 1789 kutokana na nani alikaa upande gani bungeni, sawa, ni vizuri kujua. Lakini Buganda hakuna hata ukurasa! Kabaka Mutesa I, mfalme wa Buganda, alikuwa anawaweka Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki barazani wabishane mbele yake, na Kiswahili kilikuwa moja ya lugha za pale, na haikupita miaka mingi baada yake, 1892, Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana Mengo, makao ya Kabaka, hawa wakiitwa Waingereza, hawa Wafaransa, wakati wote ni Waganda watupu. Mfano gani zaidi ya huo mnautaka? Mwalimu anayajua yote haya, anayasimulia kwa kichwa, waandaaji wa kitabu ndio sijui walikuwa wapi.

Cheti pia msikihesabu, kinaandikwa "Advanced" hata kwa mtu aliyekuwa anakuja kusinzia.

Ijumaa msijisumbue, muziki wa baa jirani unameza sauti ya mwalimu yote. Alhamisi ndiyo siku ya midahalo, kaeni viti vya mbele, na kama mnapitia Mukwano Road mtoke mapema, jamu ya pale jioni mnaijua wenyewe. Kitabu kopi kwa mwenzako, usinunue.