Play Protect ya Google: kinga ya bure iliyomo kwenye simu yako, na mahali inapoishia

Kila simu ya Android iliyokuja na Play Store ina kinga dhidi ya programu hasidi ambayo mwenye simu hakuiomba, hailipii, na mara nyingi hata jina lake halijui. Inaitwa Google Play Protect, na ndiyo ninayoitathmini hapa kwa jicho la mtumiaji wa Tanzania, ambaye simu yake ndiyo pochi, ndiyo benki na ndiyo daftari la madeni. Hukumu yangu naitanguliza: iache ikiwa imewashwa na usihangaike kununua nyingine juu yake, lakini usidhani kwamba inakulindia pesa, kwa sababu sehemu kubwa ya wizi wa hapa kwetu haipiti kwenye mlango inaoulinda.

Google iliitangaza Play Protect mwezi Mei 2017, ingawa ukaguzi wa programu ulikuwamo ndani ya Android tangu 2012 kwa jina jingine. Inazikagua programu zilizopo Play Store kabla hujazipakua, kisha inaendelea kuzikagua zilizomo ndani ya simu yako, zikiwemo zile ulizozipata kwingine: zilizorushwa kwa Xender, zilizotumwa kwenye kundi la WhatsApp, au zilizopakuliwa kutoka tovuti yoyote. Kwa taarifa ya Google yenyewe kuhusu mwaka 2024, huduma hii inakagua zaidi ya programu bilioni 200 kila siku duniani kote, na mwaka huo iligundua zaidi ya programu hasidi mpya milioni 13 zilizotoka nje ya Play Store. Hizo, bila shaka, ni namba za muuzaji anayesifia biashara yake. Wapimaji wa nje hawakuwa wapole hivyo: maabara ya AV-TEST ya Ujerumani iliposhindanisha bidhaa 15 za ulinzi wa Android kati ya Januari na Juni 2021, Play Protect ilishika mkia, ikitambua chini ya asilimia 70 ya programu hasidi mpya kabisa. Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba mwezi Oktoba 2023 Google ilianza, kwa kutangulia nchini India, kuchambua msimbo wa programu ngeni papo hapo inaposakinishwa, badala ya kuilinganisha tu na orodha ya wahalifu wanaojulikana. Hayo ni maboresho ya kweli, kwa sababu programu hasidi nyingi huzaliwa leo na kubadilishwa sura kesho.

Nilitaka kuiona ikifanya kazi kwenye jambo linalotokea mitaani kwetu kila siku, kwa hiyo nilichukua simu ya akiba isiyo na laini wala akaunti yoyote ya pesa na kujaribu kuiwekea GB WhatsApp, ile WhatsApp ya kuchakachua ambayo vijana wanaipendea uwezo wa kuficha tiki za bluu na kusoma ujumbe uliofutwa. Kivinjari kilionya kwanza kwamba faili la aina hiyo linaweza kudhuru simu. Simu ikadai ruhusa ya kusakinisha kutoka chanzo kisichojulikana. Ndipo kikatokea kisanduku cha Play Protect kikieleza kuwa programu imezuiwa. Muundo wa kisanduku hicho unastahili sifa, kwa kuwa kitufe kikubwa, ambacho kidole hukikimbilia chenyewe, ni cha kukubali kuachana na usakinishaji, na njia ya kuendelea kwa ubishi imewekwa nyuma ya maandishi madogo ya maelezo zaidi.

Udhaifu ni kwamba mbishi ataifikia njia hiyo kwa kugusa mara mbili tu. Kuna udhaifu mkubwa zaidi, ambao si wa kiufundi. Maelekezo mengi ya kuweka programu za kuchakachua huanza na sentensi moja isiyobadilika, zima kwanza Play Protect, na baadhi ya mafundi simu hufanya hivyo bila kumwambia mteja. Programu ikishaingia, hakuna anayekumbuka kuwasha tena. Simu inarudi mikononi mwa mwenyewe ikiwa na WhatsApp mpya na bila kinga, na yeye anaondoka amefurahi.

Kwamba onyo lile si la kutishia watoto, ushahidi upo. Mwezi Agosti 2021 watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta na simu, walikuta ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, WhatsApp nyingine ya kuchakachua, programu hasidi iitwayo Triada, yenye uwezo wa kupakua programu nyingine kimyakimya, kuonyesha matangazo na kumsajili mwenye simu kwenye huduma za kulipia. Mwezi Oktoba 2022 wakaikuta tena Triada ndani ya YoWhatsApp, nayo ya kuchakachua, safari hii ikiwa katika toleo lililoiba funguo za akaunti ya WhatsApp ya mtumiaji. Mtu anayeshangaa kila wiki kwa nini salio lake linaliwa ilhali hajapiga simu angeanza kwa kuangalia hapo.

Sehemu ya Play Protect inayokaribia zaidi mahitaji yetu ni ile iliyoanza kujaribiwa Singapore mwezi Februari 2024. Inazuia moja kwa moja programu yoyote iliyopakuliwa kutoka kwenye kivinjari, WhatsApp au kidhibiti cha mafaili, ikiwa inadai ruhusa ambazo wezi wa fedha huzihitaji sana: kupokea na kusoma SMS, kusoma arifa, na kutumia huduma za ufikivu. Ruhusa hizo ndizo zinazobeba hatari yote. Programu inayosoma SMS zako inaziona namba za uthibitisho ambazo benki inakutumia, na programu iliyopewa ufikivu, ambao uliwekwa kwa ajili ya kuwasaidia wenye ulemavu, inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Hakuna tochi, kikokotoo wala mchezo wa kubashiri unaohitaji mambo hayo.

Hapa ndipo ninapoiondolea Google alama. Katika orodha iliyoitoa mwanzoni mwa 2025, majaribio hayo yalikuwa yamefika Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, lakini Tanzania haikutajwa. Mtumiaji wa Namanga upande wa Kenya aliwekewa kizuizi kamili, na jirani yake aliye ng'ambo ya pili ya mpaka, anayetumia simu ya aina ileile na kupokea mafaili yaleyale, akabaki na kinga ya kawaida. Sielewi kwa nini nchi ambayo bodaboda na muuza mchicha wanalipwa kwa simu haikuwa miongoni mwa za mwanzo. Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo Google imelifanya na ambalo nalipongeza bila masharti: Play Protect sasa haizimiki wakati mtu yuko kwenye simu. Aliyebuni hilo anawajua matapeli, kwa kuwa desturi yao ni kukushikilia kwenye mazungumzo, wakikuelekeza hatua kwa hatua, ili usipate nafasi ya kumuuliza mtu wa pembeni.

Kwenye programu za mikopo kinga hii inapwaya, na Watanzania wengi wameumia huko kuliko kwenye virusi. Programu ya mkopo kausha damu haina haja ya kujificha. Inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako waziwazi, nawe unakubali kwa sababu una shida ya shilingi elfu hamsini usiku huo. Siku ya kulipa ikipita, bosi wako, mkweo na mtu uliyemuuzia kochi mwaka juzi wote wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Mbele ya macho ya mkaguzi, programu hiyo haijavunja kitu, kwa maana umeikubalia mwenyewe. Google ilipiga marufuku programu za mikopo binafsi zilizopo Play Store kusoma orodha ya majina na picha kuanzia mwisho wa Mei 2023, na hairuhusu zile zinazodai deni lote lilipwe ndani ya siku 60 au pungufu. Masharti hayo ni mazuri, ila yanawafunga walioko Play Store tu, ilhali kiungo cha kupakua programu ya nje kinasambaa kwenye Facebook bila kikwazo. Ilibidi Benki Kuu ya Tanzania itoe, mwezi Novemba 2024, orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Kabla ya kupakua programu ya mkopo, kuuliza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu kutakusaidia kuliko ukaguzi wowote wa simu.

Halafu kuna ule ujumbe ambao kila mwenye laini nchini ameupokea: ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Hauna kiungo, hauna faili, hauna kirusi. Unamvizia mtu ambaye kweli alikuwa anataka kutuma hela ya kodi au ya ada asubuhi hiyo, naye anatuma. Wa jamii hiyohiyo ni anayekupigia akidai amekosea muamala, baada ya kukutumia SMS ya kughushi iliyoigiza maneno ya mtandao wako lakini ikatoka kwenye namba ya kawaida ya simu, na yule anayejitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja na kukuomba namba ya siri ili akaunti isifungwe. Play Protect haisomi chochote katika hayo wala haikukusudiwa kusoma. Menyu ya kutuma pesa tunayoifungua kwa nyota na reli haipiti kwenye programu yoyote inayoweza kukaguliwa, na ndiyo sababu mwenye simu ya tochi anatapeliwa sawasawa na mwenye simu ya milioni mbili.

Kwa upande huo zipo huduma mbili za hapa nyumbani ambazo ninazipa alama za juu kuliko bidhaa ninayoitathmini. Ya kwanza ni namba 15040 iliyowekwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA: unautuma ujumbe wa tapeli kama ulivyo kwenda namba hiyo bila malipo, kisha unafuata maelekezo ya kuandika namba iliyokutumia, na namba hiyo inafuatiliwa ili ifungwe. Kenya, wateja wa Safaricom wanapeleka ujumbe wa namna hiyo kwenda 333. Ya pili ni *106#, inayokuonyesha namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Tangu usajili wa alama za vidole uwe wa lazima na laini zisizosajiliwa zianze kuzimwa Januari 2020, matapeli wamekuwa wakitafuta vidole vya watu wengine, na mtu aliyeambiwa na msajili wa barabarani kuwa kidole hakijasoma, aweke tena, ana kila sababu ya kupiga namba hiyo leo. Ukikuta usiyoitambua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe, maana kesi ya utapeli itakayofanywa kwa laini hiyo itaanza na jina lako.

Wapo watakaouliza kama haitoshi kuongeza programu ya kuzuia virusi. Mwezi Machi 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilizipima programu 250 za aina hiyo kwa kuzipa programu hasidi 2,000, na ni 80 tu zilizotambua zaidi ya asilimia 30. Nyingine hazikukagua chochote. Zilikuwa na orodha ya majina zinayoyaamini na kuita kila kilichobaki hatari, kiasi kwamba baadhi yake, kwa kusahau kujiweka kwenye orodha, zilijitangaza zenyewe kuwa virusi. Makampuni machache yenye sifa ya muda mrefu yanafanya kazi nzuri, lakini toleo la bure lililojaa matangazo litakula bando na betri yako, na litakudai ruhusa zilezile ambazo ungezikataa kwa programu nyingine.

Jambo la mwisho la kiufundi linahusu simu zenyewe. Play Protect inasasishwa kupitia huduma za Google na haisubiri toleo jipya la Android, hivyo simu ya miaka kadhaa bado inanufaika nayo, na hiyo ni neema kwa soko la simu za mtumba. Haina nguvu, hata hivyo, dhidi ya uovu uliopachikwa kwenye mfumo wenyewe kabla simu haijatoka kwenye boksi. Mwezi Agosti 2020 kampuni ya Upstream iliripoti kukuta Triada na programu hasidi nyingine iitwayo xHelper kwenye simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi za Afrika zikiwemo Ethiopia, Ghana na Afrika Kusini. Watengenezaji walisema lawama ni ya mtu mwingine katika mnyororo wa usambazaji. xHelper ilikuwa na sifa mbaya ya kurudi hata baada ya simu kufutwa yote. Kwa hiyo, unaponunua simu Kariakoo au kwingineko, iombe iwashwe na iunganishwe mtandaoni, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu upande wa kulia, ingia kwenye mipangilio na kipengele cha kuhusu, na usome kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect. Muuzaji akikwambia hayo utayaangalia ukifika nyumbani, maduka ya simu mtaa huo ni mengi.